Kiberiti, Jedwali na Chumba cha Juu

Binti huyu alipoingia dukani mara ya kwanza alitaka zipu moja tu, tukavutana bei mpaka nikachoka. Nikamwachia. Badala ya kuondoka, akainua macho kwenye ukuta wangu. Nauza vifungo, zipu na lasi kwa mafundi cherehani, na sampuli zote zinaning'inia kwenye kamba: kila aina na kamba yake, kidogo juu, kikubwa chini.

"Mzee, fundi asiyefika hapa anavijuaje hivi?"

"Havijui. Ananunua kwa jirani, vibovu."

"Basi huyo ndiye ninayekuuzia."

Mtaani walimwita Kiberiti, kwa umbo lake dogo na kwa jinsi anavyowaka ukimsugua. Alitengeneza kurasa za mtandaoni kwenye kona ya sebule ya dada yake, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi. Shemeji yake alikuwa amemwambia mwisho wa mwezi ahame. Kwa hiyo hakutaka malipo. Alitaka chumba kilicho juu ya duka langu, nilikoweka maboksi matupu, akae humo mwaka mzima.

Tukapatana hivi: bidhaa zangu zote zikae kwenye jedwali la safu safu mtandaoni, na siku nitakayoleta mzigo mpya, jedwali libadilike kabla sijafunga duka. Akishindwa, ukurasa wangu, chumba changu, na yeye kwaheri. Alikubali bila kupepesa macho. Hilo lilinitia wasiwasi.

Wengine huandika kila kijisanduku cha jedwali kwa mkono. Yeye aliandika skripti, maagizo machache ambayo kompyuta huyafuata: unaipa orodha, inaipanga yenyewe kwa safu tatu za kusimama. Akabonyeza, jedwali likatoka. Nilifurahi, lakini sikuonyesha. Mnunuzi akicheka, bei inapanda.

Haukupita muda, fundi wa sare za walinzi akapiga simu anafoka.

"Nimeagiza kifungo cheusi cha koti, mmeniletea lasi ya pinki! Walinzi wangu wakamate mwizi au wakacheze harusi?"

Kumbe alikuwa amemwambia mke wangu, ambaye ndiye hufunga mizigo, "Nipe kilicho chini ya hicho kidogo." Fundi huyo alizoea ukuta wetu, na dukani kwetu cha chini maana yake ni saizi inayofuata. Lakini skripti ilijaza kwenda kulia kama mtu anayeandika barua: kidogo safu ya kwanza, cha kati ya pili, kikubwa ya tatu, ndipo inashuka. Chini ya kifungo cheusi ilikaa lasi, na mke wangu, aliyekuwa akitazama jedwali, akafunga lasi.

"Sogeza kwa mkono, yaishe," nikamwambia Kiberiti.

"Sisogezi."

"Vijisanduku tu hivyo, dada!"

"Nikisogeza leo, kesho ukiongeza uzi mmoja vyote vinahama. Utakuwa unaniita kila siku kama mfagizi. Mafundi wako wanasoma kwenda chini, na skripti itashuka."

Akakaa kwenye kreti kando ya kaunta, wateja wakiruka waya wake. Akaiambia skripti ihesabu bidhaa zote, igawanye kwa safu, ijaze safu ya kwanza mpaka chini ndipo ipande kuanza ya pili. Na aina moja isikatwe katikati. Isipoenea, ianzie safu inayofuata. Skripti ingejua aina imekwisha kwa kuona mstari mtupu kwenye orodha.

"Na hizi nafasi tupu chini ya safu? Nimetoa chumba kizima, mimi napewa mashimo?"

"Leta bidhaa uyazibe, mzee."

Nikaleta. Nilikuwa na mzigo wa vifungo nimeuficha stoo kwa makusudi, na siku ya mwisho ya mwezi nikaufungua mbele yake jua likiwa limeshainama.

"Wewe mwanamume una roho gani?" mke wangu akauliza.

"Ya biashara."

Mke wangu akauorodhesha mzigo harakaharaka bila kuacha mstari mtupu popote. Kiberiti akabonyeza, na safu moja ikateremka kama kamba ya kisima: skripti ilidhani vyote ni aina moja. Nikaanza kuushusha mlango wa bati nifunge duka.

"Rekebisha jedwali kwa mkono, bado unawahi," nikamchokoza.

"Jedwali siligusi. Mama, nisomee aina moja moja." Akawa anatia mistari mitupu kwenye orodha, jasho linamtoka puani. Mke wangu akasoma huku amesimama chini kabisa ya mlango. "Haya, nishushie kichwani," akaniambia.

Kiberiti akabonyeza. Kila aina ikakaa kwenye safu yake, kidogo juu, kikubwa chini.

Akapata ufunguo. Kwa dada yake hakuagwa. Mpaka leo hawaongei. Maboksi yangu yamehamia chini ya kitanda chetu. Naagizwa na mafundi ambao sijawahi kuwaona, ila bei ikishaandikwa kwenye jedwali ni ya wote, hakuna wa kuvutana naye, na mdomo ulionijengea duka hili sasa unapiga miayo. Wenye maduka wengine wanapita mbele yangu wakipanda kwake kutengenezewa kurasa, na wengi hawanunui hata sindano.