Noti Niliyoifua

Juzi mjini Kakamega, mnunuzi wa noti za zamani aliinua noti ya marehemu babu kwenye mwanga. "Madam, hii ilifuliwa, ikapigwa pasi. Haina bei tena."

Nilimjua mfuaji. Alasiri moja ya utotoni kule Shinyalu, baba na baba mdogo waliigombania noti hiyo uani mpaka mpini wa jembe ukavunja meno ya baba. Damu iliilowesha noti. Baba mdogo akakimbilia Mautuma.

Mimi, bingwa wa darasa la pili, niliamini damu ikitoka kwenye noti, baba mdogo atarudi, nikaifua. Pasi ya makaa ilipopita, jikoni palinuka damu na sabuni. Baba alipoiona noti, alinizaba kofi.

"Mlikuwa mnatoa nini?" mnunuzi aliuliza.

"Damu."

"Mngeiacha tu. Damu ningeivumilia."