Taulo la Hanta

Zipporah Nekesa wa Bungoma hakuogopa mtu wala jini, na ulimi wake, waliomjua wanasema, ungeweza kumenya viazi. Alifika Jeddah mwaka 2012, mtaa wa Nuzha, kutunza nyumba na watoto wawili. Wiki ya kwanza tu akaona jambo. Watoto waliviringisha taulo, wakakimbia nalo sebuleni na kurushiana. Lakini walirusha nyuma tu. Aliyerusha mbele alitolewa mchezoni. Zeinab, wa miaka sita, hata akiwa peke yake alilirusha vilevile, juu ya bega, kisha akasimama akisubiri, kama anayejua huko nyuma kuna mikono.

Onesmus, dereva wa nyumba ile na Mkenya mwenzake, alipowaona alicheka. Hiyo ni raga, akamwambia, na aliyewafundisha ni Hanta, yaya aliyemtangulia, mtu wa Madagaska. Kwao raga si mchezo wa shule za wenye nacho. Ni ya wauza mkaa na wabeba mizigo, ni ya akina mama wenye watoto mgongoni. Jumamosi ya mechi sufuria husahauliwa motoni na hakuna anayegombezwa. Hanta alikuwa akimsimulia garini mpaka anapitiliza kona.

"Sasa yuko wapi?" Zipporah akauliza.

Onesmus akainama kukagua gurudumu lisilo na shida. Alipelekwa Riyadh kwa dada yake madam, akajibu. Madam naye alisema Hanta alirudi kwao zamani, halas, yamekwisha.

Zipporah alilala katika chumba kilekile cha nyuma ya jikoni alicholala Hanta. Ndani ya mlango wa kabati palibandikwa picha ya mama mzee, yenye namba ya simu iliyoandikwa chini. Mtu anayerudi kwao anaweza kuacha blanketi. Picha ya mamake haachi.

Mwaka uliofuata madam akamwambia afunge mzigo: dada yake wa Malaz, Riyadh, hana mtu, akamsaidie wiki mbili tu. Baba, mume wa madam, akakaa mbele na Onesmus, Zipporah nyuma, jangwa kutwa nzima. Baba aliposinzia, Zipporah akauliza kwa Kiswahili:

"Onesmus ndugu yangu, Hanta ulimpeleka wewe?"

"Nilimshusha mlangoni."

"Na kumrudisha?"

"Hilo sijawahi kutumwa, dada."

Kuanzia hapo Zipporah alijua swali ni moja: akishushwa yeye, nani atatumwa kumchukua?

Madam wa Malaz alimpokea kwa chai na tende. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Zipporah akauliza kama aliwahi kuwa na msichana wa Madagaska. Hajawahi, akaambiwa, siku zote ni Wafilipino. Na madam akaapa bila kuombwa kiapo.

Zipporah hakubishana. Akachukua taulo, akaliviringisha, akamrushia mkubwa wa watoto watatu wa nyumba ile. Mtoto akadaka, akakimbia, akarusha nyuma. Wa pili akadaka, akarusha nyuma. Yule mdogo naye akalirusha juu ya bega bila kugeuka, na nyuma yake hapakuwa na mtu ila mlango uliofungwa kwa kufuli. Taulo likagonga mlango, likaanguka. Wote watatu wakasimama wakiutazama.

"Nani aliwafundisha?"

Yule mdogo akamwangalia mamake kwanza. "Mafi Hanta," akasema. Hakuna Hanta.

Na jina hilo, ndani ya nyumba ile, hakuna aliyekuwa amelitaja.

Zipporah hakuaga. Alishika begi lake ambalo hakuwa amelifungua, akashuka ngazi, akaketi kiti cha nyuma cha gari. Baba alipokuja kumwambia yalla, ashuke, Zipporah hakupandisha sauti.

"Baba, nikikaa hapa nitauliza Hanta yuko wapi. Kila siku, na kila jirani. Au turudi."

Baba aliyatazama madirisha ya juu. Kisha akaingia mbele, akafunga mkanda. Akamwambia Onesmus arudi Jeddah.

Jumamosi, Onesmus alipompeleka mtaa wa Sharafiya kununua mboga, Zipporah aliingia duka la simu na ile picha, akapiga namba iliyo chini yake. Simu ililia sana. Ikapokelewa na sauti ya mama mzee, na nyuma yake redio: umati ukinguruma, mtangazaji akikimbizana na mpira. Zipporah akatafuta neno la lugha yoyote ambayo wangeelewana, akakosa. Kule ng'ambo redio ikazimwa, katikati ya mechi.

"Hanta?" mama akauliza.