Inua Mikono Kama Unachuma Zabibu

Kuna aibu nimeikalia mwaka mzima na zaidi bila kumsimulia mtu yote, hata mke wangu anaijua nusu tu, ile nusu ya kuchekesha, ya vifungo kuruka na kitambi kutoka hadharani mbele ya wageni. Nusu hiyo wenzangu wa ofisini huirudia kila tukikaa kunywa chai, na mimi hucheka nao (ukishachekwa ni afadhali ucheke na wewe, angalau waone umekubali). Leo nawapa nusu ya pili, na ninyi mkifika huko msijilazimishe kucheka kwa kunionea huruma.

Kwanza mjue mimi ni mtoto wa fundi cherehani. Baba yangu, Mzee Ndahani, anashona nguo Hombolo tangu kabla sijazaliwa, ana shamba dogo la zabibu nyuma ya nyumba na cherehani moja nyeusi ya kukanyaga barazani, na mimi nimesoma mpaka nikawa afisa ugani wa zabibu kwa hivyo viwili, zabibu na cherehani. Siku hizi naishi mjini, Makole, nina meza yangu na kiti cha kuzunguka. Hombolo siyo mbali, ila mtu akishapata kiti cha kuzunguka kwao huwa kunasogea mbali kidogo kidogo.

Sasa baba ana mambo yake kuhusu shati la kazi. Kwake shati la kuchomekea na la kuchomolea ni nguo mbili tofauti kabisa, na ukimwambia ashone moja la kufanyia yote mawili anakutazama kama umemwomba ashone gunia. La kuchomekea lina mkia mrefu lisitoke kwenye suruali ukiinama. La kuchomolea mbele liishie katikati ya zipu, nyuma lifunike mkanda na nusu ya mfuko, lisizidi hapo, maana likizidi umevaa kanzu ya mtoto, na likipungua ndiyo mambo yangu haya ninayowaeleza. Na hakupimi umesimama wima. Anakuzungushia tepu kifuani, anaandika, halafu anasema, "Inua mikono kama unachuma zabibu," unainua, anatazama lile pindo limepanda mpaka wapi, halafu anasema, "Inama kama unafunga kamba za viatu." Nilipokuwa mdogo niliona ni mchezo wetu sisi wawili. Nilipokuwa mkubwa nikaona ni ushamba.

Basi bwana, siku moja bosi akatuita, akasema wanakuja wageni kutoka juu kutazama mashamba ya wakulima Hombolo, na hataki kuona tai wala makoti shambani, kila mmoja avae shati la kaki la kuchomolea, tuonekane watu wa kazi. Nikanunua kitambaa cha mashati mawili, nikampigia baba simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Njoo Jumamosi nikupime."

"Baba nina kazi nyingi, nakutumia shati langu la mfano, ukatie hapohapo."

"Yohana, shati la mfano linapima shati. Halimpimi mtu. Njoo tu, hata ukikaa saa moja urudi."

Nikamwambia nitaangalia. Mnajua maana ya "nitaangalia." Jumamosi ile sikuwa na kazi yoyote, nililala mpaka saa nne halafu nikatazama mpira. Nikachukua shati moja la zamani, la chuoni, nikampa Mama Eliza, jirani yetu wa Hombolo anayeleta mboga mjini, ampelekee pamoja na kitambaa. Na kwa nini nilichagua la chuoni wakati nilikuwa na mapya? Siwafichi, ni kujiona. Nilipokuwa chuoni nilikuwa mwembamba, nguo zikinikaa vizuri, na kitambi hiki (huyu mgeni asiyeaga) nilikuwa sijamkubali bado. Nikasema baba akikatia hilo litanibana kidogo, ndivyo vijana wanavyovaa, na wala hatajua nimenenepa.

Wiki ya ziara Mama Eliza akaniletea shati moja, limekunjwa ndani ya gazeti. Akasema, "Mzee kasema la pili bado. Na hili kasema usilivae kwenda kwa watu kabla hujapita nyumbani, akuone nalo." Nikasema sawa mama, asante. Nikalijaribu mbele ya kioo. Lilibana, lakini nikivuta tumbo ndani na nikisimama kama askari lilikuwa shati. Sikuinua mikono. Mtoto wa fundi mzima, nimepimwa tangu sijaota meno ya pili, sikuinua mikono.

Asubuhi ya ziara tukaondoka na gari la ofisi, na kufika Hombolo tukapita karibu kabisa na kwetu, unaliona bati la nyumba na mti wa mwarobaini. Dereva, ambaye anapajua, akapunguza mwendo akasema, "Afisa, si kwenu hapa? Tusimame umsalimie mzee?" Muda tulikuwa nao, wageni walikuwa bado njiani. Lakini bosi alikuwa amekaa mbele, na mimi nikaiwaza ile baraza, na ile cherehani, na baba akiniambia niiname kama nafunga kamba za viatu mbele ya bosi wangu. Nikasema, "Twende tu, nitapita jioni." Hapo ndipo palipoharibika. Mengine yote yalifuata njia yake.

Wageni wakafika, wakasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakulima wakafurahi, tukaingia shambani. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha jinsi ya kupogoa mzabibu na kufunga chipukizi kwenye waya wa juu. Nikaeleza vizuri, nilikuwa nimejiandaa, hata mgeni mkubwa akawa anatikisa kichwa anakubali, na nilivyomwona anakubali nikasahau kuvuta tumbo. Nikashika tawi, nikasema, "Sasa tunalipandisha hivi," nikainua mikono yote miwili.

Kifungo cha kwanza kiliruka kikampata bosi kwenye shavu. Cha pili sijui kilikokwenda. Ubavuni nikasikia uzi unaachia, kha, mpaka kwapani, na pindo la mbele likapanda likaniacha tumbo wazi, jeupe la kutoona jua, na mimi mikono bado iko juu kwa sababu nikiishusha, tawi linavunjika. Vicheko vikapasuka. Mwenzangu mmoja akauliza, "Hilo shati umemvua mdogo wako?" Mpaka hapo, jamani, ilikuwa aibu ya kawaida. Ningecheka, ningefunika tumbo na daftari, yangeisha.

Mgeni mkubwa, naye anafuta machozi ya kicheko, akaniuliza, "Ni fundi gani huyo kakufanyia hivi?"

Na mimi nikajibu. Wala sikufikiri, nilitaka tu kicheko kihame kwangu kiende kwa mtu mwingine. Nikasema, "Ni mzee mmoja wa huku kijijini mheshimiwa, macho yameshakwisha. Nilimwonea huruma tu nikampa kazi."

Wageni wakacheka zaidi. Wenzangu wakacheka. Ila nikaona wakulima hawacheki, wameinamisha vichwa wote, na mmoja akatazama nyuma yangu. Nikageuka.

Baba alikuwa amesimama kwenye mstari wa pili wa mizabibu. Alikuwa amelingoja gari asubuhi, akaliona linapita, akaamua anifuate yeye. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na shingoni tepu. Mkononi alishika kibahasha cha plastiki anachowekea mkasi, sindano na uzi. Sijui alisimama pale kwa muda gani. Nilijua tu kwamba alikuwa amesikia, kwa sababu hakuwa ananitazama usoni, alikuwa anautazama ule ubavu wa shati.

Akasogea polepole, akageuza kola ya koti lake akachomoa pini (huwa hakosi pini), akaninyooshea.

"Shika pini, afisa," akasema. "Banisha hapo kwanza, upate kumaliza kazi."

Afisa. Baba yangu hajawahi kuniita afisa maishani.

Mgeni mkubwa akalitazama lile tepu, akauliza kwa utani, "Mzee, isije kuwa fundi mwenyewe ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa," baba akasema. "Macho yamekwisha kweli."

Akangoja kidogo. Najua alikuwa ananingojea mimi. Palikuwa na nafasi hapo ya maneno matatu tu, "huyu ni baba," mtoto wa miaka miwili angeyasema. Bosi ananitazama, wakulima wananitazama, na mimi nimeshika pini ninahangaika na ubavu kama kwamba pini ile ni kazi ngumu sana. Sikusema. Baba akawaaga wageni kwa heshima, akaondoka kwa njia ile aliyokuja nayo, na tepu lake shingoni. Jioni gari likapita tena karibu na kwetu na mimi sikumwambia dereva asimame. Sikuwa na uso.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu habari za vifungo, akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nikalipeleka shati kwa dada mmoja anayeshona mtaani kwetu Makole, nikamwambia alirekebishe kama linarekebishika. Akaligeuza ndani nje, akatazama, akaniangalia mimi, akatazama tena.

"Kaka, hili shati halijaisha."

"Halijaisha vipi? Si limeshapasuka?"

"Halijapasuka. Hii ni mishono ya mkono, imeshikizwa tu kwa muda. Tazama." Akanionyesha. Kila ubavu kulikuwa na kitambaa cha akiba, upana wa vidole viwili, kimekunjwa ndani. Pindo lilikuwa limekunjwa mara tatu, likikunjuliwa linafika pale pale katikati ya zipu. Hata vifungo vilishikizwa kwa uzi mmoja mmoja, vya kusogezwa. "Huyu aliyelishona alijua umenenepa," yule dada akasema. "Alikuwa anakungoja uje umalizie kupimwa. Kazi iliyobaki hapa ni ya nusu saa."

Nikakaa kwenye kile kibenchi cha wateja. Nilikumbuka kwamba baba angeweza kujitetea. Angesema tu mbele ya watu wale wote, shati halijaisha, nilimwambia apite. Ingekuwa kweli, na aibu ingerudi kwangu mahali pake. Akachagua kusema macho yamekwisha, ili neno langu lisionekane la uongo mbele ya bosi wangu. Yule dada akaniuliza kama alifungue yeye, nikamwambia hapana. Nililia pale pale, mchana, watu wanapita.

Ilinichukua wiki mbili kwenda Hombolo. Nilimkuta barazani anachambua mbegu. Cherehani ilikuwa imefunikwa, na kilichoifunika ni kile kitambaa cha kaki cha shati la pili. Nikapiga magoti, nikamwambia baba nisamehe, nilikukana mbele za watu. Mama alikuwa mlangoni, akaingia ndani.

"Nyanyuka," baba akasema. "Nilikusamehe siku ileile, kabla sijafika nyumbani."

"Basi nimalizie shati, baba. Nimekuja nalo."

Akaangalia mikono yake, akaifuta vumbi la mbegu. "Kusamehe nimesamehe, Yohana. Lakini nikikaa pale nikishika mkasi, nasikia wale watu wanacheka. Sijashona tangu siku ile. Nenda na wewe kwa mafundi wa mjini, siku hizi wapo wazuri."

Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na mimi neno hilo nilikuwa naliimba shuleni nikidhani linasema watu wengine. Sasa mtu akiniuliza nani kakushonea, hata akiniuliza kuhusu soksi, natanguliza kusema baba yangu ni fundi, Mzee Ndahani wa Hombolo, halafu ndiyo namjibu. Bosi ameshajua kwamba yule mzee ni baba, na yule mgeni mkubwa nilimwandikia barua. Haijasaidia kitu kwa mtu aliyetakiwa kusikia siku ile.

Shati sijampa mtu mwingine alishone. Kila mwezi nakwenda nalo Hombolo ndani ya mfuko, na tukishasalimiana nalivaa hivyo hivyo, ubavu wazi, vifungo viwili hakuna, nasimama barazani karibu na cherehani na kuinua mikono kama nachuma zabibu. Baba ananitazama. Namwona kabisa jicho lake linavyofuata pindo, linapanda mpaka lilipoishia, linakaa pale, linapima. Macho yake hayana kasoro yoyote. Halafu anasema, "Shusha mikono, utachoka. Mama yako ameshapakua ugali."

Nashusha, tunaingia ndani tunakula. Mwezi ujao nitainua tena.