Dawa Iliyoitwa Haijulikani

Kila asubuhi, kabla hajafungua friji, Fortunata aliligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Hata ndoo ya mchele aliigonga, hata kabati la mifagio kule kazini. Wenzake, watu saba katika nyumba moja ya Al Nahda iliyogawanywa kwa mbao na mapazia, walishachoka kumcheka. Ni Peninah tu, Mkenya aliyelala upande wa pili wa pazia lake, aliyekuwa bado anajibu kwa niaba ya friji: "Karibu, mamii. Hatujavaa, lakini ingia."

Tabia hiyo aliitoa Morogoro. Miaka sita alikuwa mtunza panya kwenye maabara moja ya huko. Panya ukimfungulia kizimba ghafla anashtuka, na akishtuka anauma, kwa hiyo unagonga kwanza ajue umefika. Fortunata aliwalisha, aliwapima uzito, na mkuu wake alipoona mkono wake hautetemeki akamfundisha kuwachoma sindano. Mradi ulipokwisha na kazi ikaisha, akaja Dubai kufanya usafi. Mwaka huo wa 2017 kampuni ilikuwa imempanga kwenye jimu ya mazoezi iliyo chini ya ghorofa lao lenyewe.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu aligonga friji, akafungua, akakuta kikasha ambacho jana yake hakikuwapo. Kilikuwa nyuma ya maziwa ya Peninah. Ndani mlikuwa na vichupa vitano, kila kimoja na unga mweupe kidogo umegandia kwenye kitako. Maandishi ya Kiingereza yalisema ni kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Fortunata hakuhitaji kutafsiriwa. Maneno kama hayo aliyasoma kila siku kwa miaka sita.

Vichupa vilikuwa vya Severin, mdogo wake, mchukuzi wa magunia ya viungo kule Al Ras. Mwezi wa kwanza gunia la bizari lilimwelemea, na kano ya bega, ule mshipa mgumu unaoshika msuli na mfupa, ikachanika. Daktari alimwambia avute mpira wa mazoezi kila siku na asibebe kitu kwa miezi mitano. Arbab wake, yaani tajiri wake, akasema atamvumilia mpaka Ramadhani. Baada ya hapo abebe, au arudi kwao. Tangu siku hiyo Fortunata alikuwa akimvalisha shati kila asubuhi, mkono mbovu kwanza.

Aliyempa vichupa ni Munir, mwalimu wa mazoezi pale jimu, Mzanzibari mwenye maneno laini. Alimpa bure, kwa sharti apigwe video: bega kabla, bega baada. Munir alisema ni peptaidi, kipande kifupi cha protini, kinaushtua mwili ujishone wenyewe. Severin aliyarudia maneno hayo kama mtu anayesali. Alichokosa ni mkono wa kuchoma, na mkono huo ulikuwa wa dada yake.

"Severin," Fortunata akamwambia, kichupa kikiwa mkononi, "hii ni dawa ya panya."

Alimaanisha imejaribiwa kwa panya. Lakini Peninah, nyuma ya pazia, alisikia kile ambacho angesikia yeyote aliyewahi kununua dawa ya panya dukani. Kufika saa sita mchana nyumba nzima ilikuwa inajua kwamba Severin alitaka kunywa sumu. Alasiri wakaja wanawake wa kikundi cha maombi cha Peninah, wakamzunguka, wakambembeleza kwamba bega si mwisho wa maisha. Mmoja akamwekea mkono, tena kwa nguvu, kwenye bega lilelile bovu. Severin akapiga yowe, nao wakashukuru kwamba pepo limetoka. Maziwa Peninah alishayamwaga.

Basi Fortunata akaanza kueleza. Alieleza jikoni, akaeleza kwenye lifti, akaeleza akiwa na mswaki mdomoni. Si sumu. Ni kitu walichochomwa panya waliokatwa kano, na ripoti zinasema ziliungana upesi. Kwa watu hakuna utafiti wa maana uliokwisha fanywa.

"Kumbe si sumu," Peninah akasema. "Ai, Fortu, si ungesema tu mapema. Na magoti inasaidia?"

Fortunata alimtazama asijue acheke au alie. Ilikuwa kana kwamba duniani kuna vitu viwili tu, sumu na dawa, na kitu kikishatoka huku lazima kiingie kule. Kuanzia siku hiyo hakupumzika. Wenzake walimuuliza kipimo cha dawa ni kiasi gani, akajibu haijulikani. Ukichoma mwezi mzima inakuwaje? Haijulikani. Inasemekana inaotesha vijishipa vipya vya damu. Sasa ikikuta uvimbe mbaya umejificha mwilini, si itaulisha nao? Hilo alijiuliza mwenyewe, na jibu lilikuwa lilelile. Hata kama ndani ya kichupa kuna kile kilichoandikwa nje, nalo halijulikani, maana hakuna aliyekikagua.

Mwishowe, kwa hasira, alichukua kalamu nene akaandika juu ya kikasha, kwa herufi kubwa, HAIJULIKANI. Alitaka kila mwenye macho aogope. Kisha akakipeleka kwa Munir na kumkabidhi mkononi.

Munir alikiweka kwenye friji la jimu, lile la mlango wa kioo, maandishi yakiangalia nje.

Zikapita wiki mbili. Siku moja Fortunata anafuta vioo, akaja Eriya, Mganda, mlinzi wa ghorofa la jirani, akasimama kwa adabu na kofia mkononi. Aliuliza kama ile Haijulikani bado ipo. Wenzake wawili wamejichoma wenyewe na kuisifu, na yeye kifundo cha mguu kinamsumbua tangu Krismasi.

Fortunata akashusha kitambaa. Alimuuliza kama anajua maana ya neno hilo.

"Samahani, madam," Eriya akasema, "Kiswahili changu ni kidogo. Nilidhani ni jina la kampuni."

Fortunata alikwenda moja kwa moja kwa Munir, glovu za usafi zikiwa bado mkononi zinachuruzika maji. Munir alikuwa anakula tende.

"Dada Fortu, wewe mwenyewe wasema panya walipona."

"Ripoti zinasema. Wangu mimi walikuwa wa dawa nyingine za vidonda, na wengi walipona kweli. Wiki ya nne tukawaua wote, tukawapasua tutazame ndani. Miaka sita, Munir, sikuona panya wetu hata mmoja aliyezeeka. Sasa habari za mbele utamuuliza nani?"

"Haya, lakini sisi si panya, alhamdulillahi."

"Ndicho ninachokwambia tangu mwezi jana."

Munir akamkaribisha tende.

Kilichomkera zaidi ya Munir ni Severin. Mpira wa mazoezi ameuviringisha na kuutupa chini ya kitanda. Kwa nini auvute mara thelathini asubuhi na mara thelathini jioni, na sindano ipo? Na mwezi wa nne, alipokuwa bado anauvuta, mkono ulishaanza kufika usawa wa sikio. Fortunata aliuona kwa macho yake. Sasa ulikuwa umeshuka tena hadi kifuani, na Severin akasema hiyo ndiyo sababu hasa ya kuchomwa.

Ijumaa moja, wiki moja kabla ya Ramadhani, Munir akamwita kwenye chumba cha walimu. Fortunata aligonga mara mbili, akaingia. Severin alikuwa amekaa kwenye benchi bila shati. Simu ilikuwa imesimamishwa juu ya dumbeli la chuma, inarekodi.

"Nesi wetu huyo kafika," Munir akaiambia simu, na kumpa bomba la sindano lililokwisha jazwa.

Fortunata akaliinua kwenye taa. Aliuliza wamechanganya na maji gani.

"Maji safi, ya chupa," Munir akasema. "Ya kunywa."

Severin alimwona kalishika, akatabasamu, akageuza bega. Fortunata akaisogelea sinki na kuisukuma dawa yote humo hadi tone la mwisho.

Munir hata hakukasirika. Akaenda kwenye friji, akarudi na kichupa kingine. "Khalas, yameisha, bibie, ntamchoma mwenyewe. Nshatazama video tatu."

Fortunata akachukua shati kwenye kiti. Akalifungua na kulishikilia vilevile kama kila asubuhi, upande wa mkono mbovu mbele.

"Vaa, Severin. Twende ukavute mpira."

Severin alilitazama shati, akaitazama simu. "Mazoezi yako ni ya miezi, dada. Arbab hana miezi. Kanipa wiki."

"Na mwakani ukiota kitu humo ndani, nimuulize nani?"

"Haijulikani," Munir akadakia. Severin akacheka. Hakutaka kucheka, ilionekana, lakini alicheka.

Fortunata akamtandikia shati begani, juu juu, mikono ikining'inia. Akavua glovu. Ufunguo wa kabati la mifagio akauacha kando ya sinki, akatoka kupitia mashine za kukimbilia na lile friji la kioo, akaenda zake. Nje, akiwa amesimama juani, alimpigia msimamizi wake wa kampuni na kumwomba jengo jingine lolote, hata lenye ghorofa arobaini na lifti mbovu. Akapewa hoteli ndogo Al Muraqqabat, pamoja na kitanda cha wafanyakazi hukohuko.

Jumamosi kabati la mifagio pale jimu lilifunguliwa na mtu mwingine, bila kugonga.