Mtama wa Kwenye Boksi

Nilipovunja ungo niliachishwa shule, nikawekwa ndani. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Kilwa Kivinje wakati wa Mwingereza: mwali hakutoka mpaka aolewe. Chumba changu kilikuwa na kidirisha kimoja chenye pazia la kaniki. Kila asubuhi niliwasikia wenzangu wakipita kwenda shule, wakibishana na kucheka, nami nasuka ukili wa mikeka.

Kaka yangu alikuwa chuoni akisomea ualimu. Alipokuja likizo, aliruhusiwa kuingia kuniona.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kutwa unafanya nini humu?"

"Nasuka."

Kesho yake alileta vifuu viwili vyenye udongo, akapanda choroko. Kimoja akakiweka dirishani, akasogeza pazia. Cha pili akakifunika kwa chungu.

Baada ya siku chache tulifunua chungu. Choroko za gizani zilikuwa ndefu, nyembamba, rangi ya maziwa, vichwa vimepinda kama ndoana. Za dirishani zilikuwa fupi, zimefungua majani.

"Mbona za gizani ndizo zimekua zaidi?" nikauliza.

"Zimerefuka tu. Zinakula akiba ya punje, zinautafuta mwanga. Akiba ikiisha kabla hazijaupata, zinakufa."

Halafu akaleta boksi, akalitoboa tundu ubavuni. Ndani tukaotesha mtama. Ulipochipua, baadhi ya miche tuliivika nchani kofia ya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, mingine tukaiacha wazi. Siku ile sikugusa ukili. Tulipofungua boksi, miche isiyo na kofia yote ilikuwa imeinamia tundu. Yenye kofia ilisimama wima, kama haikusikia habari.

"Mche hutengeneza dawa yake wenyewe," kaka akanieleza. "Dawa hiyo hutoka nchani, ikashuka. Mwanga ukija upande mmoja, dawa huhamia upande wa kivuli. Upande huo hurefuka kuliko mwenzake, basi mche unapinda."

Nikafikiri. "Kwa hiyo ncha ndiyo inayoona, na panapopinda ni chini yake?"

"Wewe ulikuwa usome," akasema.

Jioni nilimsikia barazani akimwomba baba. "Lindi kuna shule ya bweni ya wasichana, baba. Mwache aende."

"Posa imeshajibiwa," baba akasema. "Mimi nina neno moja."

Kaka akajaribu tena, kwa upole. Baba akanyanyuka, akaenda kutawadha.

Likizo ilipokwisha kaka alikuja kuniaga. Akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Mimi niliolewa Kiswere, kwa mwanamume mwema muuza ng'onda, samaki wa kukaushwa, na sikupata shida ya kula wala ya kuvaa. Kaka alipelekwa kufundisha bara, mbali. Huko aliugua, akafa, wakamzika wenyeji. Habari zilitufikia maziko yamekwisha, na kaburi lake sijaliona mpaka leo.

Binti zangu wote nimewasomesha. Watu hudhani nilikuwa naitamani shule, na kweli niliitamani miaka mingi. Siku hizi ninachokitamani ni kidogo kuliko hapo: kuketi na kaka sakafuni, vichwa vyetu vimegusana juu ya boksi, aniulize swali, nikosee, anicheke.