Rangi ya Shingo

Watu walimwita Mama Brashi, ingawa hakuwahi kujaaliwa mtoto. Jina lilitokana na brashi yake ya duara, nene, yenye mpini mfupi, iliyokaa mfukoni mwa aproni tangu anapofungua mpaka anapofunga. Chumba chake cha kazi kilibanwa kati ya fundi viatu na duka la madaftari. Kiti cha mteja hakikuwekwa ndani mbele ya kioo kama kwa wapambaji wengine. Kilikaa mlangoni, miguu miwili ndani, miwili nje, mteja aangaliwe na jua.

"Taa inadanganya," alipenda kusema. "Ukichagua poda kwa taa, utatoka hapa na uso wa mtu mwingine."

Fundi viatu hakuacha kumchokoza. "Mama Brashi, hebu nipake na mimi nirudi ujanani."

"Poda inafunika madoa, baba. Miaka yako hiyo mwambie aliyekupa."

Aliuza kitu kimoja tu, fondesheni ya poda ya madini: unga mkavu, laini kama vumbi la chokaa, usio na mafuta wala manukato. Aliuchagua kwa sababu ngozi yake mwenyewe haikuvumilia kitu kingine. Chini ya macho alikuwa na mabaka meusi mawili, na hakuyaficha. Mteja akiyauliza alijibu kwa neno moja, "Krimu," kisha akageuza mazungumzo.

Asubuhi moja alifika mwanamke wa makamo, mwavuli mkononi, mtandio umefunika uso mpaka chini ya macho.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Keti."

"Nimeambiwa wewe husemi uongo kuhusu rangi. Basi, tafadhali, nisaidie."

Mama Brashi alikuwa ameinama anapangusa kopo, na mkono ukamganda hapo hapo. Sauti ile ilitamka kila silabi peke yake, kama mtu anayewasomea watoto imla. Alikuwa ameisikia sauti hiyo miaka tisa nyuma, mbele ya meza yake sokoni, ikisema: "Tafadhali, nipe ile yenye nguvu."

Siku hizo Mama Brashi hakuwa Mama Brashi. Alikuwa mwanamke mweupe pe, uso uking'aa kama sahani, akichanganya krimu kwenye beseni nyumbani kwake na kuzitia kwenye vikopo visivyo na maandishi. Uso wake ndio uliokuwa tangazo. Hakuna aliyemuuliza ndani mna nini. Waliuangalia tu uso wakanyoosha mikono.

Mgeni aliteremsha mtandio. Mashavu yalikuwa na mabaka ya rangi ya majivu, yamepakana na ngozi nyekundu iliyokonda hata mishipa ikaonekana. Kipaji cha uso kilikuwa cheupe, na shingo nyeusi ya asili ikasimama chini yake kama ya mtu mwingine kabisa. Hakumtambua aliyesimama mbele yake. Angemtambuaje? Weupe ule ulikwisha kuondoka, ukaacha mabaka.

"Mimi ni mwalimu mkuu," alisema. "Keshokutwa naagwa, nimemaliza utumishi wangu. Ofisini kwetu kuna picha za wote walionitangulia, na yangu itapigwa siku hiyo. Watoto wananiita Chui, nami najifanya sisikii. Lakini sitaki Chui aachwe ukutani."

 Mdomo wa Mama Brashi ulitaka kusema, moyo ukasema ngoja. Akaanza kazi, maana kazi ilimpa mahali pa kuyatupa macho. Alimpaka mafuta mepesi ya kulainisha, akasubiri yanywewe, kwa kuwa poda ikiangukia mafuta mabichi huganda mabonge. Kisha akafungua vikopo vitatu, akachota unga kidogo kidogo kwa ncha ya kidole, akamchora mistari mitatu kwenye ukingo wa taya, pale uso unapokutana na shingo.

"Hapa ndipo penye uamuzi, mwalimu. Mstari huu unafuata kipaji cha uso. Ule unafuata shavu. Na huu wa chini, umeuona? Umepotea kabisa. Huo ni wa shingo."

Mwalimu alikisogeza kioo cha mkononi. "Wengine wote wananipaka ule mweupe."

"Ndiyo maana shingo inawasuta. Mimi ningefuata shingo. Shingo hukuigusa."

"Utanirudisha nilikotoka."

"Ukikubali."

Mwalimu alijitazama kiooni. Halafu akatikisa kichwa kukubali.

Mama Brashi alimwaga poda kwenye kifuniko, akaizungusha brashi mpaka unga ukaingia katikati ya nywele zake, akaigonga ukingoni ili iliyozidi ianguke. Akaanza shavu la kulia, akizungusha polepole bila kukandamiza, tabaka moja jembamba, akangoja, kisha jingine. Kwenye mabaka hakuzungusha. Aligusa kwa kudokoa, unga ukae juu ya baka badala ya kufagiliwa. Upande wa kulia ulipokamilika, ukatokea uso wa mwanamke mweusi, mtulivu, mwenye mashavu ya kupendeza. Upande wa kushoto ulikuwa bado vilevile.

Hapo akashindwa kuendelea.

"Mwalimu, ile krimu ulinunua kwangu."

"Krimu gani?"

"Vikopo vya bluu, sokoni, karibu na wauza vitambaa. Aliyekuuzia ni mimi. Sura yangu imebadilika ndiyo maana hukunijua."

Mwalimu aliweka kioo mapajani. Gari la maji lilipita barabarani, nyundo ya fundi viatu ikagonga mara kadhaa ikanyamaza. Alipozungumza, sauti ilikuwa ileile ya imla, ila ya chini.

"Ulijua inafanya hivi?"

Jibu jepesi lilikuwepo mdomoni. Hakulitumia.

"Mwaka wa kwanza sikujua. Mwaka wa pili ngozi yangu ilianza kuwasha na kuchubuka, nikajua. Nikaendelea kuuza miezi saba."

"Mimi nilinunua mwaka gani?"

"Wa pili."

Mwalimu alifumba macho. Mama Brashi alisimama na brashi mkononi, akingoja tusi au kofi, na lolote angelipokea. Majuto ni mjukuu, husemwa. Kwake mjukuu huyo alikuwa amekwisha kukua, anakula naye, analala naye.

"Malizia," mwalimu alisema hatimaye. "Siwezi kutoka barabarani na nyuso mbili."

Mama Brashi alimalizia shavu la kushoto, kisha kipaji cha uso, kisha akaishusha brashi tupu mpaka shingoni ili kusiwe na mpaka. Mwalimu hakujitazama tena. Alilipia kopo la ile poda ya shingo, ajipake mwenyewe siku ya kuagwa, akasimama, akafungua mwavuli, akaenda bila kuaga.

Wiki nne zilipita. Mama Brashi alisikia kwa muuza madaftari kwamba mwalimu aliagwa vizuri, na kwamba wazazi wa zamani walipoiona ile picha walisema, "Huyu sasa ndiye mwalimu wetu." Alifurahi, lakini furaha yenyewe ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kisha asubuhi moja mwavuli ulisimama tena mlangoni.

"Sikuja kukusamehe," mwalimu alisema kabla hajakaribishwa. "Hilo bado naliangalia. Nimekuja kwa jambo jingine. Unakumbuka uliniuzia makopo mangapi ya krimu?"

"Mawili."

"La pili lilikuwa la wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikataa, akasema rangi yake inamtosha. Mimi nikamshawishi. Nikampaka kwa mikono yangu mwenyewe, tukicheka." Mtandio ulikuwa mabegani siku hiyo, uso wazi. "Sasa ana miaka mitatu hatoki nje. Hospitali hataki kusikia. Nimekutukana moyoni wiki nne nzima, na kila nikikutukana, tusi linarudi kwangu. Twende ukamwone."

Mama Brashi alifungua mfuko wa aproni, akahakikisha brashi imo. Akatwaa vikopo sita vya rangi nyeusi-nyeusi na kitambaa safi, akafunga mlango mchana kweupe. Fundi viatu aliinua uso. "Leo duka linapata mapumziko?"

"Niombee, baba," alisema, naye fundi safari hii hakutania.

Nyumba ya wifi ilikuwa mtaa wa tatu, mapazia yote yamefungwa. Mwalimu alibisha. "Wifi, ni mimi. Nimekuja na mtu."

"Mrudishe."

"Ndiye aliyeniuzia."

 Kisha komeo likavutwa, mlango ukafunguka kiasi cha kiganja, na jicho moja likamtazama Mama Brashi, likatua kwenye mabaka yake mawili na kukaa hapo.

"Na wewe pia?" sauti iliuliza.

"Na mimi pia, dada yangu. Sikuja kukufunika leo. Kwanza nataka kukuomba radhi, halafu nikuombe twende sote watatu kwa daktari wa ngozi. Poda si dawa. Ukipenda, baada ya hapo, nitakutafutia rangi yako."

 Wifi aliachia mlango, akarudi ndani, wakasikia nyayo zake zikivuka sebule. Wale wawili walitazamana pale kizingitini, hawajui waingie au waondoke.

Kisha pete za pazia zikalia kwenye bomba lake, na mwanga ukaingia.

"Ingieni," alisema wifi. "Leteni na kiti hapa dirishani."