Mzee Aliyetangulia Mbele ya Farasi

Jirani yake Kenzhegul, mzee mchunga farasi, hakupita nyikani bila kugongagonga ardhi kwa fimbo. Fuko wa kule hana macho kabisa, maisha yake yote ni chini ya udongo, na mahandaki yake humeza mguu wa farasi hadi gotini. Mzee alikuwa na vidole vinene vilivyonuka maziwa ya farasi yaliyochachuka, na kila fimbo ilipodidimia alimtania fuko kwa sauti ya chini, “Shemeji, umehamia hapa tena?” Kenzhegul, bibi harusi mgeni kijijini, alikuwa akimcheka kichinichini.

Uchungu wa mtoto wa kwanza ulimshika theluji ikiyeyuka, na zahanati ilikuwa ng'ambo ya nyika. Serzhan, mumewe, akamlaza kwenye mkokoteni wa farasi. Kwenye matope yale fimbo ilizama kila mahali, basi jirani akavua viatu, akatangulia pekupeku, akipapasa ardhi kwa nyayo. “Mzee, panda bwana, tunachelewa,” Serzhan alisema. “Farasi akivunjika mguu hapa, mwanangu, mkeo utambeba mgongoni?” Katikati ya maumivu Kenzhegul aliziona zile nyayo zimegeuka zambarau kwa baridi, zikipinda kushoto, zikipinda kulia, na mkokoteni ukizifuata. Walifika. Mtoto alipolia, mzee alikuwa amesimama nje ya dirisha. “Huyo ana mapafu,” akasema, kisha akarudi kutafuta viatu vyake.

Siku hizi pana lami. Kenzhegul akipita pale humwomba dereva aende polepole, na dereva haoni sababu.